Ari ya Kazi Vyuoni Wakati wa Uhaba wa Fedha

Kila mara uhaba wa fedha unapoingia vyuoni, mazungumzo juu ya ari ya wafanyakazi hufuata njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni njia ya mawaidha. Mwalimu hukumbushwa kwamba kazi yake ni wito, kwamba taifa linamtegemea, na kwamba hana budi kujitoa. Ya pili ni njia ya madai: mishahara iongezwe na malimbikizo yalipwe, la sivyo kazi isimame. Njia zote mbili zina sehemu yake ya haki. Ualimu usio na moyo hautendeki, na mwalimu asiyepewa stahili yake amedhulumiwa. Hata hivyo, liko jambo la tatu ambalo halisemwi sana, nalo ndilo tunalokusudia kulijadili katika makala haya. Jambo hilo tunaliweka katika umbo la swali: fedha za chuo zinapopunguzwa, ni kazi gani iliyopunguzwa pamoja nazo?

Aghalabu jibu ni kwamba hakuna. Bajeti hushuka, lakini muhtasari wa masomo hubaki ule ule, vipindi hubaki vile vile, idadi ya wanachuo huongezeka, na fomu za kujaza nazo huongezeka. Sasa ile tofauti iliyopo baina ya fedha zilizoondolewa na kazi iliyobaki haipotei hivi hivi. Hapana budi mtu ailipe. Mkufunzi huilipa kwa jioni zake na kwa mfuko wake, anaponunua mwenyewe karatasi za kurudufia mazoezi. Mwanachuo naye huilipa, maana hufundishwa kwa namna iliyo duni kuliko ile aliyoahidiwa. Rai yetu ni kwamba hapo ndipo ari ya kazi inapovunjika, na kwamba hapo hapo ndipo chuo kisicho na hata senti moja ya kuongeza kinapoweza kutenda jambo la maana.

Tunasema juu ya vyuo vikuu na vyuo vya ualimu kwa pamoja, kwa sababu mpaka baina yao ni mwembamba. Mwaka 2005 Chuo cha Ualimu Chang'ombe kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, na Mkwawa, Iringa, nako kukawa na chuo kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaofundisha vyuo vikuu ndio wanaowafundisha wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Wakufunzi huwafundisha walimu. Na walimu huwafundisha watoto wetu. Kinachoharibika juu hushuka hadi chini.

Mafunzo ya miaka iliyopita

Uhaba si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Nchini Tanzania, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979 viliandamana kwa karibu mno. Katika miaka ya 1980 thamani ya mshahara ilishuka hata mshahara wa mwezi ukawa hautoshi kulisha nyumba kwa mwezi mzima. Mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 1986 ulikuja pamoja na masharti ya kubana matumizi ya serikali. Katika miaka hiyo wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifuga kuku na ng'ombe wa maziwa, walilima bustani, na kuanzisha miradi midogo midogo ili wapate kuishi. Wengine waliondoka nchini kwenda kufundisha Botswana, Lesotho na kwingineko.

Yafaa tulitazame jambo hilo bila kejeli. Mhadhiri aliyefuga kuku hakuwa ameidharau elimu. Mara nyingi kuku hao ndio waliomwezesha kubaki darasani badala ya kuvuka mpaka. Lakini hakuna aliyekaa naye kupanga kwamba, kwa kuwa sasa ana kazi mbili, basi katika ile ya kwanza lipi liachwe na lipi lilindwe. Kila mmoja aliamua peke yake, kimya kimya. Uamuzi wa namna hiyo humchosha mtu kuliko kazi yenyewe, kwa sababu kila siku huona anaiibia kazi yake, ingawa aliyeisababisha hali hiyo si yeye.

Huko Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilipitia njia nyingine. Wahadhiri waligoma mwaka 1989 kwa sababu ya ujira usiotosha. Katika miaka ya 1990 chuo kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na vipindi vya jioni vikaanzishwa kwa ajili yao. Kufikia mwisho wa miaka hiyo, zaidi ya asilimia 70 ya wanafunzi wa Makerere walikuwa wakilipa ada, ilhali mwanzoni mwa miaka hiyo masomo yalilipiwa na serikali. Fedha zilipatikana, wahadhiri wakalipwa posho za vipindi vya ziada, na wengi waliokuwa wakitafuta riziki nje wakarudi chuoni. Kwa kipimo cha mfuko, ari ilipanda.

Hata hivyo Mahmood Mamdani, aliyefundisha Makerere na Dar es Salaam, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2007 akiyachambua mageuzi hayo ya kati ya 1989 na 2005. Alionyesha jinsi idara na vitivo vilivyoshindana kuwavuta wanafunzi wenye kulipa, hata soko likaanza kuamua kipi kifundishwe. Wanafunzi walizidi, na nafasi ya kuwafundisha kwa makini ikapungua. Kwa hiyo funzo la Makerere lina pande mbili. Fedha ni za lazima, na asemaye kuwa ari haihitaji fedha anajidanganya. Lakini fedha zinazopatikana kwa kuongeza kazi bila kikomo huweza kuipandisha ari ya mwezi huu na kuila ile ya miaka ijayo.

Kenya nayo imetupa funzo la karibuni. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma ulioanza mwezi wa Septemba 2025 ulidumu siku 49. Kiini chake kilikuwa deni la shilingi bilioni 7.9 za Kenya lililotokana na mkataba wa ujira wa 2017 hadi 2021. Kabla ya kukubaliana deni lilipwe vipi, pande zilibishana kwanza juu ya kiasi chake. Mwishowe ilikubaliwa kwamba lilipwe kwa mikupuo miwili. Hatuna nia ya kuhukumu nani alikuwa na haki. Tunachoona ni kwamba mtu anayedai huweza kuvumilia akijua anadai kiasi gani na atalipwa lini. Akiambiwa kwamba hata hesabu yenyewe haijulikani, uvumilivu humwishia.

Mbinu za kufundishia ndizo hufa kwanza

Jarida hili ni la mbinu za kufundishia, na msomaji huenda akauliza kwa nini tuzungumzie mishahara na bajeti humu. Jibu letu ni kwamba uhaba unapoingia chuoni, kitu cha kwanza kufa ni mbinu. Majengo hubaki yamesimama, ratiba hubaki ukutani, kengele hulia, na mitihani hufanyika. Mkaguzi akipita haraka atasema kazi inaendelea. Lakini ndani ya chumba majadiliano ya vikundi yamekwisha, zana za kufundishia hazitengenezwi tena, na yale mazoezi ya wanachuo kufundishana kwa dakika chache huku wakisahihishwa yamebaki katika muhtasari tu. Kilichobaki ni mkufunzi kusoma na wanachuo kuandika.

Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Mkufunzi ana wanachuo 40, na kila mmoja huandika insha tatu kwa muhula. Kusahihisha insha moja vizuri, pamoja na kumwandikia mwanachuo maelezo yenye kumfaa, huchukua dakika 20. Basi kwa muhula mzima mkufunzi huyo atatumia saa 40 kusahihisha. Sasa wanachuo wakiwa 120, bila mkufunzi mwingine kuajiriwa, saa hizo huwa 120, yaani wiki tatu nzima za kazi, saa nane kwa siku, bila kufundisha hata kipindi kimoja. Hakuna mawaidha yanayoweza kuzipata saa hizo.

Kinachotokea hapo twakijua sote. Insha tatu huwa mbili, kisha huwa moja, kisha huwa maswali ya kuchagua jibu. Maelezo ya kumfaa mwanachuo huwa alama ya vema na kosa. Hakuna kikao kilichoamua hivyo, wala waraka uliotolewa. Muhtasari bado unasema insha tatu. Kwa hiyo mkufunzi hubeba mizigo miwili: ule wa kazi isiyowezekana, na ule wa kujifanya kwamba inawezekana. Mzigo huu wa pili ndio mzito zaidi, nao ndio unaowafanya watu wenye bidii kuondoka kabla ya wavivu.

Madhara yake hayaishii kwa mkufunzi. Mwalimu mpya hafundishi kama alivyoambiwa afundishe. Hufundisha kama alivyofundishwa yeye. Mwanachuo aliyekaa miaka miwili au mitatu akiandika imla, hata kama imla hiyo ilihusu ubora wa mbinu shirikishi, atakwenda kuwasomea watoto imla. Huenda akafundisha kwa miaka 30. Uhaba wa bajeti moja, usipotazamwa, hukaa darasani kwa muda mrefu kuliko waziri, mkuu wa chuo, na mkufunzi waliokuwapo siku bajeti hiyo ilipopitishwa.

Chuo kifanye nini

Mishahara ya watumishi wa umma haipangwi na mkuu wa chuo, na kumlaumu kwa hilo ni kukosa haki. Lakini yako mambo yaliyo mkononi mwake na mwa wakuu wa idara. Tunapendekeza manne.

Kwanza, kila bajeti inapopunguzwa, chuo kiandike pia orodha ya kazi zitakazoachwa. Orodha hiyo ifanywe na wakufunzi wenyewe katika idara, kisha ipitishwe na uongozi wa taaluma. Katika mfano wetu wa insha, idara huweza kuamua wazi kwamba insha ziwe mbili. Kwamba ya kwanza isahihishwe na wanachuo wenyewe wawili wawili kwa mwongozo waliopewa. Na kwamba mkufunzi asahihishe ya pili kwa makini yote. Saa 120 zitakuwa 40, na mwanachuo atakuwa amejifunza kusahihisha, kazi atakayoifanya maisha yake yote. Yapo mambo ambayo chuo hakiruhusiwi kuyagusa, kama vile mitihani ya taifa. Lakini ripoti zinazorudia yale yale, vikao visivyo na uamuzi, na majaribio ya kila wiki yanayosahihishwa kwa harakaharaka huweza kuguswa. Kinachofaa kulindwa hadi mwisho ni kile ambacho mwalimu hawezi kukipata kwingine: kufundisha mbele ya mtu anayejua, kuambiwa alipokosea, na kufundisha tena.

Pili, hesabu ziwekwe mezani mapema. Wakufunzi waelezwe chuo kilipata kiasi gani, kilitarajia kiasi gani, na nini hakitalipwa muhula huu. Mwaka 2016, wakati wa uhakiki wa watumishi wa umma nchini Tanzania, upandishaji wa vyeo ulisimamishwa. Katika hali ya namna hiyo kinachouma zaidi ni kutojua kungoja kutaisha lini. Mkuu wa chuo huenda naye hajui. Lakini akisema mbele ya kikao, "Hili silijui, na nikilijua nitawaambia siku hiyo hiyo," amefanya kazi kubwa. Pasipo na habari, uvumi hujaa. Na uvumi wa chumba cha walimu hauna siku unaposema kwamba mambo ni nafuu kuliko yanavyoonekana.

Tatu, shida igawanywe kwa haki, na kugawanya kuanzie juu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkufunzi atavumilia kukosa posho ya kwenda kukagua mazoezi ya kufundisha akiona kwamba safari za uongozi nazo zimepunguzwa. Hatavumilia akiambiwa hakuna mafuta ya gari, kisha gari lile lile likaonekana sokoni Jumamosi. Mambo ya namna hii ni madogo katika vitabu vya mhasibu, lakini ni makubwa katika moyo wa mtu. Haki hiyo iwatazame pia wasiosema sana: mkufunzi wa muda anayelipwa kwa kipindi, mtunza maktaba, fundi wa maabara, na mpishi. Mara nyingi hao hukatwa kwanza, kisha kazi zao huwaangukia wakufunzi bila mtu kutamka neno.

Nne, kazi za pembeni zisemwe wazi. Tunajua kwamba jambo hili litawaudhi baadhi ya wasomaji. Wengi wetu hufundisha vipindi vya ziada mahali pengine, hufuga, hulima, au huendesha duka. Kanuni za utumishi zina mipaka yake, nayo iheshimiwe. Lakini kuzifumbia macho kazi hizo kisha kumkemea mtu anapochelewa ni njia mbaya kuliko zote. Ni afadhali idara ijue kwamba mwenzetu fulani ana shughuli Jumatano jioni, ratiba ipangwe kwa kulizingatia hilo, naye ajifunge kwamba saa zake nyingine zote ni za chuo na hazina udhuru. Ahadi iliyosemwa mbele ya wenzake humfunga mtu kuliko daftari la mahudhurio. Uwazi huo humlinda pia yule asiye na kazi ya pembeni, ambaye kila mara huachiwa vipindi vya wengine kwa sababu tu yeye yupo.

Pingamizi na majibu yake

Watakuwapo wasemao kwamba kuandika orodha ya kazi za kuachwa ni kuhalalisha uvivu, na kwamba Hazina ikiiona itasema: kumbe mnaweza kufanya kwa kidogo, basi mpewe kidogo zaidi. Hoja hii ina uzito, na hatuipuuzi. Jibu letu ni kwamba ukimya ndio uliotufikisha hapa. Kwa miaka mingi vyuo vimepokea kidogo na kuandika katika taarifa zake kwamba kazi zote zimetekelezwa kama zilivyopangwa. Anayesoma taarifa hizo atajuaje kwamba kuna kilichoharibika? Orodha ya kazi zilizoachwa ni ushahidi. Huonyesha kwa majina na kwa idadi kile ambacho taifa limekikosa kwa fedha lilizozibakiza. Huyapa pia madai ya chama cha wafanyakazi msingi imara zaidi ya malalamiko.

Wengine watasema kwamba mwalimu wa kweli hatazami saa, na kwamba walimu wa zamani walifundisha chini ya miti. Ni kweli kwamba walifundisha chini ya miti, nasi twawaheshimu kwa hilo. Lakini waliofundisha hivyo waliona kijiji kizima kikijitolea pamoja nao: huyu akileta tofali, yule akileta maji, na mwingine akileta mboga nyumbani kwa mwalimu. Kujitolea kulikuwa kwa wote, na kulionekana. Kumtaka mtu mmoja ajitolee peke yake, pasipo mtu kujua wala kushukuru, hilo ni jambo jingine kabisa, na si halali kulipa jina lile lile.

Hatudai kwamba mapendekezo haya manne yatachukua nafasi ya mshahara wa haki. Hayatalipa ada ya mtoto wala kodi ya nyumba, na asiyatumie mtu yeyote kama kisingizio cha kuahirisha malimbikizo. Tunachodai ni kwamba baina ya leo na siku ambayo fedha zitapatikana kuna miaka, na katika miaka hiyo maelfu ya walimu watapita mikononi mwetu. Mkufunzi anayejua kwamba kazi aliyoachiwa inatendeka, kwamba wenzake wameibeba pamoja naye, na kwamba hakuna anayemdanganya, atakuwa na sababu ya kuandaa somo lake usiku wa leo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vyuo na wakuu wa idara kwamba, kabla ratiba ya muhula ujao haijabandikwa, waitishe kikao chenye ajenda moja tu. Hesabu zisomwe. Kisha kila mkufunzi ataje kazi moja anayoifanya kwa jina tu, na moja ambayo asingependa iguswe kwa hali yoyote. Mwandishi wa kikao aziandike zote mbili. Idara zitakazofanya hivyo zitume matokeo yake katika jarida hili, ili wengine wajue ni yapi yaliyowezekana na ni yapi yaliyoshindikana.